Kukua Kusiko Sawa

Ziko methali ambazo watu huzitumia kwa namna mbili: mara kama taa ya kuonyesha njia, na mara kama shuka ya kufunikia macho ili njia isionekane. Moja katika hizo ni ile isemayo kuwa vidole vya mkono havilingani. Hakuna awezaye kuikanusha, maana kila mtu anao ushahidi wake mkononi. Lakini neno la kweli laweza kusemwa mahali pasipo pake, na likisemwa hapo hufanya kazi ya uongo. Katika insha hii nataka kuuliza swali moja tu. Tuwaonapo viumbe waliowekwa mahali pamoja na kupewa chakula kimoja, kisha mmoja akakua na mwingine akadumaa, ni wakati gani yatupasa kusema kwa utulivu kuwa vidole havilingani, na ni wakati gani yatupasa kuinamisha vichwa na kuona haya?

Swali hili sikulipata katika kitabu. Nililipata katika tangi la samaki.

Nakaa Sachangwan, juu ya ukingo wa Mau, kando ya barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret. Nchi yetu ni ya baridi, kwa kuwa iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ukungu hulala juu ya mashamba ya viazi na mahindi, na mwezi wa Julai mgeni hukaribishwa jikoni kabla ya kukaribishwa sebuleni. Si mahali ambapo mtu angetazamia kukuta samaki wa nchi za joto. Hata hivyo, sebuleni mwangu limo tangi la kioo lenye kipasha maji cha umeme, chujio la kusafishia maji, changarawe chini, na vipande vichache vya mti na mawe vya kupamba. Humo niliwatia samaki sita wa jamii ya lochi.

Lochi ni jamii kubwa ya samaki wakaao karibu na chini ya maji. Wengi wao ni wa Asia na Ulaya. Katika Afrika wako wachache tu, huko Ethiopia na Moroko. Wangu ni wale wenye rangi ya chungwa na mikanda mitatu myeusi, ambao asili yao ni mito ya visiwa vya Sumatra na Borneo. Vinywani mwao wana sharubu za kutafutia chakula mchangani, na karibu na jicho wana mwiba ambao huufutua wanapotishwa. Hupenda kuishi kwa kundi. Hukua polepole, lakini wakitunzwa vema huweza kuishi zaidi ya miaka 20, na aliyetimia hufikia urefu wa sentimita 30.

Siku niliyowanunua mjini Nairobi wote walikuwa wa kimo kimoja, sentimita tano hivi, hata sikuweza kuwatambua huyu na yule. Mwaka mmoja ulipopita niliwatambua wote bila shida. Mmoja alikuwa amefika sentimita 12, mpana wa kifua na mwenye rangi iliyokoza. Watatu walikuwa wa wastani. Wawili walikuwa hawajazidi sentimita sita, na rangi yao ilikuwa imefifia kama kitambaa kilichoachwa juani.

Jioni moja binti wa dada yangu, ambaye ni mwanafunzi wa sekondari, alikuja kunisalimu. Alikaa mbele ya tangi kwa muda mrefu bila kusema neno. Mwishowe akauliza, "Mjomba, hawa wawili ni wagonjwa?"

Nikamjibu, "Si wagonjwa, mwanangu. Vidole vya mkono havilingani."

Alinyamaza kidogo kwa heshima, kisha akasema, "Lakini, Mjomba, chakula unakitupa pembe ile ile kila siku. Na pembe ile ni ya yule mkubwa."

Sikuwa na la kujibu. Mimi niliyewalisha samaki wale kila siku kwa mwaka mzima sikuwa nimeliona jambo ambalo mtoto aliliona kwa robo saa. Kesho yake nilitupa chakula kama kawaida, kisha sikuondoka. Punje zilizama pembeni, chini ya gogo. Yule mkubwa alikuwa pale tayari. Hakupigana na mtu. Aligeuza ubavu wake tu, na wale wa wastani wakasimama nyuma yake hata aliposhiba. Wale wawili wadogo hawakuja kabisa. Walikuwa nyuma ya chujio, mahali penye mkondo mkali wa maji, ambapo samaki hutumia nguvu nyingi ili asisukumwe. Walipotoka chakula kilikuwa kimekwisha. Basi nikaelewa kwamba mimi nilikuwa nikipima chakula cha samaki sita, lakini nilikuwa nikilisha wanne.

Hapa msomaji aweza kusema: umepata jibu lako, kosa lilikuwa la mlishaji, na insha imekwisha. Laiti mambo yangekuwa mepesi hivyo! Sababu za samaki kutokua sawasawa ni nyingi, na ni haki kuzitaja zote kabla ya kumhukumu mtu.

Kwanza, kuna asili. Samaki wa tumbo moja hawazaliwi na uwezo mmoja, kama ndugu wa nyumba moja wasivyolingana kimo. Katika sato wa mabwawani dume hukua haraka kuliko jike, wala hakuna aliyemdhulumu jike. Ndiyo sababu wafugaji wengi hupenda kufuga madume matupu. Pili, kuna umri. Lochi wa namna yangu kwa miaka mingi walivuliwa mitoni wakiwa wadogo, wakauzwa duniani kote kwa kipimo cha urefu. Mvuvi hakujua siku waliyozaliwa, wala muuzaji, wala mnunuzi. Sita wenye sentimita tano waweza kuwa mmoja wa miezi mitatu aliyeshiba, na mwingine wa mwaka mmoja aliyekwisha kuona njaa. Sisi tuliwaona wako kwenye mstari mmoja, tukasema wameanza pamoja. Kumbe urefu uliolingana haukuwa mwanzo uliolingana. Tatu, kuna maradhi na wadudu wa tumboni, ambao hula chakula cha mwenyeji wao hata akakonda huku anakula. Nne, kuna maji yenyewe: yakichafuka kwa mabaki na kinyesi, au yakipoa usiku umeme unapokatika, walio dhaifu hupatwa kwanza. Na tano, kuna daraja baina ya samaki wenyewe, ambayo ndiyo niliyoiona pembeni kwa macho yangu.

Sababu hii ya tano ina tabia moja mbaya kuliko nyingine: huzaa faida juu ya faida. Aliyetangulia kwa nusu sentimita hupata mahali pa kula, akila hukua, akikua hupata mahali pazuri zaidi, na mwisho nusu sentimita ya kwanza, ambayo pengine ilitokana na bahati ya siku moja, huwa sentimita sita. Wafugaji wa samaki wanalijua jambo hili vema. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianza mpango mkubwa wa kuchimba mabwawa ya samaki, 200 katika kila moja ya majimbo ya uchaguzi 140 yaliyotakiwa kushiriki, na wakulima wengi ambao walijua ng'ombe na mahindi tu walianza kujifunza elimu ya sato na kambare. Afugaye kambare hujifunza mapema kuwa vifaranga havina budi kuchambuliwa kwa ukubwa mara kwa mara, wakubwa na wakubwa wenzao, wadogo na wadogo wenzao. Asipofanya hivyo wachache hutangulia, na waliotangulia huwameza ndugu zao. Methali ya kuwa samaki mkubwa humla mdogo kwa kambare si fumbo. Ni hesabu ya hasara. Wala mfugaji huyo hasemi kuwa vidole havilingani. Huchukua wavu na chekeche akaingia majini.

Mwandishi Rousseau, katika kitabu alichokitoa mwaka 1755 juu ya asili ya kutolingana baina ya watu, aligawanya kutolingana kuwa namna mbili. Namna ya kwanza huletwa na maumbile: umri, afya, nguvu za mwili na sifa za akili. Namna ya pili huletwa na taratibu ambazo watu wenyewe wamezikubali: mali, heshima na amri. Mgawanyo huu ni wa maana kubwa, kwa sababu ya kwanza ni ya kuvumiliwa, na ya pili ni ya kuhojiwa. Lakini tangi langu lilinifundisha jambo moja zaidi: namna ya pili ikikaa kwa muda mrefu huvaa mwili wa ya kwanza. Mtu ambaye angeingia nyumbani kwangu siku ile angemwona samaki mwenye kifua kipana na mwingine mwembamba aliyefifia, naye angeapa kuwa huyu ameumbwa bora na yule ameumbwa duni. Asingeiona ile pembe ya chakula. Pembe haionekani, kinachoonekana ni miili iliyotengenezwa na pembe.

Basi nilifanya majaribio matatu, nami nitayaeleza yote, hata yale ambayo hayakunifurahisha.

Jaribio la kwanza lilitokana na hasira. Nilimwona yule mkubwa kuwa mdhalimu, nikamtoa, nikamtia peke yake katika chombo kingine chenye maji ya joto lile lile. Siku mbili tatu hapakuwa na bwana tangini. Kisha mmoja wa wale wa wastani, ambaye sikuwahi kumwona akimsumbua mtu, akahamia chini ya gogo na kugeuza ubavu wake kama alivyokuwa akifanya mwenziwe. Kiti hakikukaa kitupu hata juma moja. Na yule niliyemfukuza alijificha katika upweke wake, akapoteza rangi, akakataa kula. Hapo nilijifunza mambo mawili. La kwanza, kwamba kosa halikuwa katika tabia ya samaki mmoja bali katika mpango wa mahali. Ukimwondoa mtu na kuacha kiti, umebadili jina tu. La pili, kwamba hata mkubwa hawezi kuishi bila wadogo. Alidhani, kama samaki hudhani, kuwa wenziwe ni wa kusukumwa. Kumbe walikuwa ndio amani yake. Nikamrudisha.

Jaribio la pili lilikuwa la kubadili mahali penyewe. Nilianza kutupa chakula sehemu tatu kwa wakati mmoja, nikakigawa mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Niliongeza vigae na vipande vya bomba chini, ili pawe na mapango mengi kuliko samaki. Mkubwa hakuweza kuzilinda pembe tatu. Wale wa wastani walinawiri mara. Lakini wale wawili wadogo waliendelea kukaa nyuma ya chujio, ingawa chakula kilikuwa kimefika shubiri moja tu kutoka kwao. Walikuwa wamezoea kutokwenda. Jambo hili lilinihuzunisha kuliko lile la kwanza: mlango ulikuwa umefunguliwa, na aliyefungiwa hakujua.

Kwa hiyo likafuata jaribio la tatu. Niliwatenga wale wawili, pamoja na mmoja mpole wa wastani ili wasiwe wapweke, nikawalisha wao wenyewe kwa muda wa miezi mitatu. Mmoja wa wadogo alianza kula mbele yangu, rangi yake ikarudi, akafika sentimita nane. Wa pili alikula vile vile, lakini hakukua. Hakika yalikuwa maradhi, au asili, au alikuwa mzee kuliko nilivyodhani. Ninaye mpaka leo, naye yu vile vile, mdogo kama kidole cha mtoto.

Sasa, wasomaji wangu, nataka niseme kwa nini habari ya samaki sita ilinikosesha usingizi. Mimi ni mwalimu. Usiku ule baada ya maneno ya binti wa dada yangu nililala nikiifikiri pembe ya chakula, na ghafula nikaona kuwa ninayo nyingine darasani. Nikiuliza swali, macho yangu huenda madawati ya mbele, upande wa dirisha, kwa wale wanne watano ambao mikono yao huwa juu kabla sijamaliza kuuliza. Wakijibu, nafurahi, nikifurahi, wanazidi kujibu. Walio nyuma karibu na mlango huwaita wavivu. Nimeandika maneno haya katika ripoti zao mwaka baada ya mwaka: hajitahidi, hashiriki, uwezo wake ni mdogo. Je, ni wangapi kati yao niliowapima baada ya kuwanyima chakula mwenyewe? Sijui, wala sitajua, maana wengine wamekwisha kuondoka. Hilo ndilo linalofanya dhuluma ya namna hii kuwa nzito. Mwizi hujua alichokiiba, lakini mlishaji wa pembe moja hufa akijiona mkarimu.

Naona pingamizi mbili zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza yasema: kuwatenga wadogo ni kuwatia alama ya udhaifu, na mtoto aitwaye mdogo hujiona mdogo. Pingamizi hii ina kweli ndani yake. Samaki hajui kuwa amechambuliwa, lakini mtoto anajua, na jina la darasa la wazito laweza kumdumaza kuliko njaa. Kwa hiyo namna ya kusaidia ina uzito sawa na msaada wenyewe. Ndiyo sababu katika shule ningependa jaribio la pili litangulie la tatu: badili mahali kabla ya kumhamisha mtu, tawanya maswali, ongeza mapango, mpe kila mmoja mahali pa kushika. Na pale ambapo kutenga ni lazima, kuwe kwa muda, na kuwe na njia ya kurudi.

Ya pili yasema: je, aliyetangulia ana kosa gani? Kwa nini apunguziwe ili wengine wakue? Jibu ni kwamba hakuna aliyempunguzia. Mkubwa wangu hakupungua hata kidogo chakula kilipotawanywa. Alizidi kukua, nami nilimfurahia. Haki haikumtaka awe mdogo. Ilimtaka asiwe mlango. Iko tofauti kubwa kati ya mtu aliye mrefu na mtu aliyesimama mahali ambapo wengine hawana budi kupita.

Walakini, mfano wa samaki una mpaka wake, na heri tuuone kabla haujatupoteza. Samaki hana dhamiri. Hawezi kushiba nusu akamwachia mwenziwe nusu, wala hawezi kumwona aliye nyuma ya chujio akamwita. Kwa samaki haki yote iko mikononi mwa mlishaji. Kwa binadamu sivyo. Mwaka 2003 Serikali ya Kenya iliondoa karo katika shule za msingi za umma, na watoto wengi sana wakaingia darasani kwa mara ya kwanza. Ulikuwa mlango uliofunguliwa kwa wote. Lakini mlango mmoja haufanyi mwanzo mmoja: huyu hufika akiwa amekunywa chai na kusoma kwa taa ya umeme, na yule hufika akiwa amechota maji kilomita mbili na kumbeba mdogo wake. Serikali haiwezi kuziona tofauti hizo zote, wala mwalimu hawezi. Mwenzi wa dawati aweza. Ewe kijana unayesoma haya, iwapo wewe ndiwe yule mwenye mkono wa kwanza juu, sikusihi uushushe. Nakusihi ugeuke nyuma mara moja uone ni nani asiyeinua wake, na ujiulize kama umekaa katika pembe yake.

Nasi tusidanganyike kuwa haki itawafanya wote walingane. Yule samaki wangu wa sita hakukua, na huenda hatakua kamwe. Kwake yeye, sasa, naweza kusema kwa moyo safi kuwa vidole havilingani. Lakini sikuwa na ruhusa ya kusema hivyo mwanzoni, kabla ya kuitazama pembe, kabla ya kutawanya chakula, kabla ya ile miezi mitatu. Methali ile ni ya kweli, ila mahali pake ni mwisho wa kazi. Anayeitaja mwanzo anatafuta kupumzika kabla ya kuchoka.

Kila asubuhi, ukungu ungali juu ya Sachangwan, nawasha taa ya tangi na kutupa chakula mahali patatu. Kisha naongeza punje chache nyuma ya chujio, kwa yule mdogo. Si kwa kuwa nategemea zitamkuza. Ni kwa kuwa yeye pia ni wa tangi hili, na aliyeshindwa kukua hajapoteza haki ya kula.